UZI: Kabla hujalipia mfumo wa biashara, uliza utatokaje. Usanifu wazi kwa maduka, famasi na kampuni ndogo

Fundi wa Nyamagana (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha mifumo ya biashara huku kanda ya ziwa: famasi, hadwea, maduka ya jumla na gesti. Swali linalonifikia karibu kila wiki ni "mfumo gani mzuri?" Mimi natamani mtu aanze na jingine: siku nikitaka kuuacha mfumo huu, nitatoka na nini mkononi? Uzi huu ni wa hilo tu. Ni mrefu, vuta kiti.

Nianze na yaliyomkuta mteja wangu mmoja mwenye famasi. Alikuwa analipia kwa mwezi mfumo wa kwenye intaneti, na kwa kazi ya kuuza haukuwa na kasoro. Unatoa risiti, unaonyesha faida ya siku, unakumbusha dawa inayokaribia kwisha. Ada ikapanda, akaamua kuhama. Alipoomba data zake akapewa ripoti za PDF, mamia ya kurasa: jina la dawa, idadi, bei. Namba ya bachi hamna. Tarehe ya mwisho wa matumizi hamna. Mwenye famasi hahitaji kuelezwa maana ya hilo. Dawa hutolewa kwa kuangalia ipi inawahi kuisha muda, na siku TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ikitangaza bachi fulani iondolewe sokoni, lazima ujue una boksi ngapi za bachi hiyo na umeziuza kwa nani. Taarifa zote hizo aliziingiza yeye na vijana wake, boksi kwa boksi, kwa miaka. Ikabidi duka lifungwe Jumapili nzima, watu wapite rafu kwa rafu wakisoma maandishi madogo ubavuni mwa kila boksi na kuyaandika upya. Madeni ya zahanati alizokuwa anazikopesha ndiyo yalimuumiza zaidi, kwa sababu ile PDF ilitoa jumla ya deni bila kusema ankara ipi imelipwa na ipi bado. Kuna pesa hakuipata.

Ule mfumo uliwajibika kwa kila kitu isipokuwa siku ya kuagana, na mwenye duka hakuwahi kuulizia siku hiyo.

Sasa tuje kwenye usanifu wazi. Maana yake ni hii: mfumo umegawanywa vipande, na mahali vipande vinapokutana pana makubaliano yaliyoandikwa hadharani, kiasi kwamba mtengenezaji yeyote anaweza kuleta kipande chake kikakaa. Huhitaji kumwomba mtu ruhusa kubadilisha printa, na huhitaji kununua duka zima upya kwa sababu kitu kimoja kimekufa.

Mnaufahamu tayari, upo hapo kaunta. Chukua skana ya bakodi ya USB, ichomeke kwenye kompyuta, fungua Notepad, piga mwali kwenye pakiti ya sabuni. Namba 13 zinajiandika zenyewe, kisha kishale kinaruka mstari wa chini. Hakuna programu uliyoweka. Skana imejitambulisha kwa kompyuta kama kibodi, inachapa tarakimu na kubonyeza Enter. Ndiyo maana skana ya bei ya chini kutoka Kariakoo inafanya kazi na mfumo wowote wa mauzo duniani. Nyuma ya hizo namba 13 kuna makubaliano ya zamani. Bakodi ya kwanza kuuza bidhaa dukani ilisomwa 26 Juni 1974 katika mji wa Troy, Ohio, kwenye pakiti ya chingamu. Leo GS1, shirika la kimataifa la viwango vya bakodi, ndiyo inayogawa namba, zilizotolewa na GS1 Tanzania huanza na 620 na za Kenya 616. (Kwa faida ya wanaobishana huko WhatsApp: 620 inaonyesha namba imetolewa na ofisi gani. Haithibitishi kwamba bidhaa imetengenezwa hapa.)

Geukia printa ya risiti. Karibu zote za karatasi ya milimita 58 na 80, hata zisizo na jina, zinaelewa ESC/POS, lugha ya amri iliyoanzishwa na Epson na ambayo maelezo yake yanapatikana kwa yeyote. Zungusha printa utazame mgongoni, utaona tundu linalofanana na la simu ya mezani. Hapo ndipo waya wa droo ya pesa unapoingia. Droo haijui kompyuta wala mfumo wako. Programu inatuma kwa printa amri fupi inayoanza na baiti 27 na 112, printa inasukuma umeme kidogo kwenye waya, droo inafunguka. Droo ikifa, nunua ya kampuni nyingine, chomeka, endelea na kazi.

Kompyuta yenyewe inayo historia hiyo hiyo, na nadhani ndiyo inayofundisha zaidi. Agosti 1981 IBM walitoa PC yao ya kwanza, 5150. Timu yake ilikuwa Boca Raton, Florida, chini ya Don Estridge, na ilikuwa na haraka, kwa hiyo ilitumia vipande vilivyokuwa sokoni: prosesa ya Intel 8088, mfumo endeshi kutoka Microsoft. Kisha wakachapisha kitabu cha kiufundi chenye michoro ya saketi na hata msimbo wa BIOS, ile programu ndogo inayoiwasha kompyuta. Kampuni nyingine zikaanza kutengeneza kadi za kuchomeka. Mwaka uliofuata Compaq wakatangaza kompyuta ya kubeba iliyoendesha programu za IBM, baada ya kuiandika BIOS yao wenyewe bila kunakili ile ya IBM. Bei zikaanza kushuka. Mwaka 1987 IBM wakajaribu kurudisha uzio: wakatoa PS/2 yenye njia mpya ya kuunganisha kadi, Micro Channel, na atakayeitumia alipe leseni. Mwaka 1988 kampuni tisa, Compaq na HP na Epson zikiwemo, zikaungana na kutoa njia yao, EISA. Soko halikuifuata IBM. Mwaka 2005 biashara yao ya PC ilikwenda Lenovo.

Matunda ya mambo hayo unayaona kila siku kwa fundi wa mtaani. Anafungua kasha, anatoa RAM ya kampuni moja, anaweka ya nyingine, anabadilisha pawa saplai, dakika chache umerudi kazini. Duka dogo lililoko Sengerema linanufaika na kitabu kilichochapishwa Marekani miaka zaidi ya arobaini iliyopita.

Kwenye pesa za simu tumelipitia wenyewe hapa nchini. Kuna wakati salio la mtandao mmoja halikuingia kwenye pochi ya mtandao mwingine. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel wakaunganisha, na Vodacom akaingia 2016. Halafu tukapata vibao vya lipa namba, kila mtandao na wake, kaunta ikajaa mabango. BoT ikaja na kiwango cha TANQR ili msimbo mmoja usomwe na mteja wa benki au mtandao wowote. Mwenye duka hapo anachojali ni pesa iingie. Kazi ya kuelewana waachiwe wenye mitandao.

Sasa naingia kwenye hoja ambayo najua mafundi wenzangu baadhi watanipinga. Watu wengi wakisikia "wazi" wanafikiri chanzo huria, yaani programu ambayo msimbo wake unaweza kuusoma na kuubadilisha. Mimi naipenda programu huria na ndiyo ninayoifunga sana. Lakini kwa biashara yenye wafanyakazi watano au ishirini, uwazi wa viungio unatangulia leseni. Viungio namaanisha sehemu data inapoingilia na kutokea: faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) unaloweza kulitoa bila kumpigia mtu simu, API (mlango ambao programu moja inapitia kuzungumza na nyingine) yenye maelezo yaliyoandikwa, kanzidata ya aina inayojulikana, vifaa vinavyofuata viwango.

Mfano halisi ni Odoo, mfumo wa kuendeshea biashara nzima. Imetoka Ubelgiji, ilianza 2005 ikiitwa TinyERP, ikawa OpenERP, na tangu 2014 ni Odoo. Toleo la Community ni huria, linatumia kanzidata ya PostgreSQL, na stoo, manunuzi na mauzo ya kaunta yapo vizuri. Lakini tangu 2015 kuna toleo la pili la kulipia, Enterprise, na sehemu kubwa ya uhasibu kamili imewekwa huko. Hilo si kosa, wana mishahara ya kulipa, ila ulijue mapema. Kubwa zaidi ni hili: toleo jipya hutoka kila mwaka, na wao huhudumia matoleo matatu ya karibuni. Fundi akikuandikia moduli kumi za kwako peke yako, kila ukitaka kupanda toleo lazima moduli hizo zirekebishwe. Fundi akihama mji, umebaki na programu huria ambayo hakuna anayeweza kuigusa. Kwa jina ni huria, ila wewe umekwama palepale alipokwama yule wa famasi.

ERPNext, mfumo wa aina hiyohiyo wa kampuni ya Frappe kutoka Mumbai, ina leseni huria ya GPL na uhasibu upo ndani bila toleo la pembeni la kulipia. Sharti lake ni kwamba inataka seva ya Linux na mtu anayeijua. Seva ya kumbukumbu ya gigabaiti 4 inatosha kwa duka la kawaida. Ukikosa mtu wa kuitunza, afadhali ulipie huduma kwa mwezi kuliko kuiacha ikae bila masasisho.

Jambo la mwisho kabla sijawapisha. Uwazi wote huu haukusaidii kama funguo si zako. Nimekuta kampuni ambayo jina lake la tovuti limesajiliwa kwa barua pepe ya kijana aliyewatengenezea, akaunti ya seva inalipwa kwa kadi yake, nywila kuu anayo yeye. Kijana mwenyewe ni mwaminifu. Lakini akiugua je? Sajili kwa jina la biashara, barua pepe ya biashara, na nywila ziandikwe zikae kabatini pamoja na leseni ya biashara.

Karibuni tujadili.

---

Msambazaji wa Kahama

Mkuu nimesoma yote, hongera kwa uchambuzi. Ila napinga kidogo. Mimi nina stoo mbili na magari manne ya kusambaza. Natumia mfumo uliofungwa kabisa, msimbo sijauona na sitaki kuuona. Ninachokipata ni simu inayopokelewa saa mbili usiku kijana wangu akikwama kufunga hesabu. Hizi programu huria nani nitampigia? Biashara inataka mtu wa kuwajibika.

---

Fundi wa Nyamagana

Kaka, hatupingani. Huduma hiyo ni mali, usiiache. Hoja yangu ni kwamba unaweza kubaki na mfumo huohuo na bado ukawa salama kama viungio vyake viko wazi. Jaribu hili wiki hii: ingia mwenyewe bila kuwapigia, toa orodha ya bidhaa, orodha ya wateja na ankara ambazo hazijalipwa, kila moja kwa faili la CSV au Excel. Ukiona zimetoka zote na safu zote, mtoa huduma wako ni mtu wa haki, mlipe kwa wakati. Zikigoma, mwombe sasa hivi mkiwa bado marafiki. Kuomba siku unayoondoka ni kazi nyingine kabisa.

Na kwa anayesaini upya, hili liandikwe kwenye mkataba: data ni za mteja, zitatolewa zote kwa muundo unaosomeka na kompyuta, bila malipo ya ziada, ndani ya siku zilizotajwa. Mistari miwili inatosha. Mtoa huduma anayekataa mistari hiyo miwili amekujibu swali lako.

---

Msambazaji wa Kahama

Nimejaribu. Bidhaa zimetoka, wateja wametoka. Ankara zimetoka ila hazionyeshi malipo ya awamu, na wateja wangu wengi hulipa kidogokidogo. Nimewaandikia. Asante kaka, hili sikuwa nimeliangalia.

---

Mhasibu wa Moro

Wakuu, mnasahau TRA. Nikiweka ERPNext au Odoo, risiti ya kodi inatoka wapi? Kuna mteja aliwekewa mfumo mzuri, halafu muuzaji anaandika mauzo kwenye mfumo, kisha anayaandika tena kwenye EFD, mashine ya risiti za kodi. Mwisho wa mwezi namba hazilingani na mimi ndiye ninayekesha.

---

Fundi wa Nyamagana

Swali la msingi sana. EFD zilipoanza hapa mwaka 2010 zilikuwa mashine za pembeni, ndiyo maana mazoea ya kuandika mara mbili yalijengeka. Sasa kuna VFD, yaani EFD ya programu isiyo na mashine: mfumo wa mauzo unapeleka taarifa za risiti kwa njia ya mtandao, inarudi na namba ya uhakiki na QR, mteja anaihakiki verify.tra.go.tz. Unaingia kwa kupitia mtoa huduma aliyeidhinishwa.

Hapa usanifu ndio unaamua maisha yako. Wapo wanaokuuzia mauzo, stoo na VFD kama donge moja. Ukitaka kuacha stoo yao, na risiti ya kodi inaondoka. Mimi hushauri VFD iwe kipande chake. Mwombe mtoa huduma wa VFD maelezo ya API yake kabla hujalipa: unatuma nini, kinarudi nini, na mtandao ukikatika risiti zinasubiri wapi. Kisha mfumo wowote wa mauzo utazungumza na kipande hicho. Siku ukibadilisha mfumo wa mauzo, upande wa TRA unabaki ulivyo. Na wewe mhasibu unapata namba moja, kwa sababu mauzo yameandikwa mara moja tu.

Jambo dogo linaloleta tofauti unazoziona: kuzungusha senti. Mfumo mmoja unakokotoa VAT kwa kila bidhaa kisha unajumlisha, mwingine unajumlisha kisha unakokotoa asilimia 18. Kwa risiti moja ni shilingi, kwa mwezi ni kichwa kuuma. Hakikisha pande zote mbili zinakokotoa kwa njia moja kabla ya kuanza.

---

Mdau wa Eldoret

Salamu kutoka Kenya. Huku KRA, mamlaka yetu ya mapato, walituleta kwenye eTIMS, mfumo wa ankara za kodi za kielektroniki, na kuanzia Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS ni shida kuidai kwenye kodi, ukiacha zile zilizosamehewa. Wengi walilalamika, na sababu walikuwa nazo, hasa jua kali ambao hawakuwa na kompyuta. Lakini kuna upande mmoja unaokubaliana na uzi huu: maelezo ya kiufundi ya kuunganisha mfumo na mfumo yametolewa. Kuna njia ya mifumo iliyo hewani muda wote, OSCU, na nyingine ya wenye ankara nyingi au mtandao usiotabirika, VSCU. Kwa hivyo wajenzi wa hapa wametengeneza programu za kuunganisha ERPNext na eTIMS na kuziacha huria. Dukawallah wa mji mdogo anaweza kutumia kazi ya mtu ambaye hawajawahi kuonana.

Vilevile Daraja ya Safaricom, API ya M-Pesa, tangu 2017. Kabla yake kuunganisha M-Pesa na mfumo wako ilikuwa kazi ya makampuni makubwa. Sasa kijana wa chuo anafungua akaunti ya majaribio, anasoma maelezo, na mteja wa duka anaona ombi la kuweka PIN kwenye simu yake huku ankara ikijifunga yenyewe. Ninachowaambia wateja: acheni malipo yalingane na ankara kwa namba ya muamala, msitegemee karani anakili SMS kwa mkono.

---

Fundi wa Nyamagana

Ndugu yetu wa Eldoret, umeongeza jambo zito. Milango ikichapishwa, kazi ya mtu mmoja inafaa watu wengi. Hapo kwenye namba ya muamala nasisitiza na mimi. Hasara nyingi za kaunta ninazoitwa kuzichunguza zinaanzia kwenye SMS iliyonakiliwa vibaya, au SMS ya jana iliyoonyeshwa leo.

---

Gesti ya Ukerewe

Samahani mkuu, sisi tulio kisiwani tufanyeje? Intaneti inakuja na kuondoka, umeme ndiyo usiseme. Nina gesti ya vyumba kumi na nne na mgahawa. Kijana mmoja ananiambia niweke kila kitu kwenye wingu. Pia nataka kamera, nimeambiwa ninunue seti nzima ya kampuni moja, kamera na mashine ya kurekodia, vinginevyo hazitaelewana.

---

Fundi wa Nyamagana

Dada, kwa mazingira yako weka seva ndogo hapohapo ofisini. Kompyuta ya kawaida iliyotumika, diski ya SSD, Linux, UPS ya kuivusha umeme unapokatika hadi jenereta au sola ichukue. Vishikwambi vya mgahawa na kompyuta ya mapokezi vinaingia kwa ruta ya ndani, intaneti iwepo isiwepo. Ikiwepo, nakala rudufu inapanda kwenye wingu usiku. Kwa hiyo wingu linakuwa ghala la akiba, na kazi inafanyika nyumbani.

Tahadhari moja ambayo siichoki: usimruhusu mtu afungue mlango wa kanzidata, ile bandari ya 5432 au 3306, moja kwa moja kwenye intaneti ili "aweze kusaidia akiwa mbali". Kuna roboti zinazopita usiku na mchana zikitafuta milango hiyo. Wazi kwa maana ya usanifu haina uhusiano na kuacha seva bila ulinzi. Fundi wa mbali aingie kwa VPN, njia ya siri iliyofungwa kwa ufunguo.

Na nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa usiihesabu. Ukitumia Odoo, kwa mfano, hutoa faili la zip lenye dump.sql (data za kanzidata) na mafaili yaliyoambatishwa. Mwambie kijana wako alichukue faili hilo, aliweke kwenye kompyuta nyingine, na afungue hesabu za jana mbele yako. Afanye hivyo kila baada ya miezi michache.

Kuhusu kamera, umeambiwa nusu ya kweli. Kuna kamera zinazoelewana na ndugu zake tu. Lakini tangu 2008 kuna ONVIF, kiwango kilichoanzishwa na Axis, Bosch na Sony, na leo kamera nyingi za mtandao zinakifuata. Tafuta neno hilo kwenye boksi na kwenye mashine ya kurekodia. Likiwepo pande zote, unaweza kuanza na kamera nne za kampuni moja, mwakani ukaongeza mbili za nyingine. Angalia sana zile za bei rahisi zinazofanya kazi kwa kupitia programu ya simu ya mtengenezaji peke yake: mtengenezaji akizima huduma yake, kamera inabaki ukutani haina kazi. Kisiwani kwenye mtandao wa kusuasua, hizo ziache kabisa.

---

Gesti ya Ukerewe

Nimeelewa vizuri sana, ubarikiwe. Boksi niliyoonyeshwa haina neno hilo. Nitairudisha.

---

Mama Famasi wa Igoma

Kaka, huyo mwenye famasi uliyemtaja mwanzoni kama unanisema mimi. Mimi bado nipo ndani ya mfumo lakini mkataba unaisha mwezi ujao, na nilichokisoma kimeninyima usingizi. Nimewaomba data wakaniuliza "unataka safu zipi?" Sijui nijibu nini.

---

Fundi wa Nyamagana

Dada, kukuuliza safu zipi ni dalili njema, maana yake wanaweza. Waandikie hivi.

Kwa dawa: jina la kibiashara, jina halisi la dawa, nguvu yake, umbo lake, bakodi, kipimo cha kuuzia na boksi moja lina vidonge vingapi. Hiki cha mwisho kisipotoka, mfumo mpya utadhani una boksi 300 kumbe ni vidonge 300. Kwa stoo: kila bachi na mstari wake, namba ya bachi, tarehe ya kuisha muda, idadi iliyobaki, bei uliyonunulia, msambazaji. Kwa wateja na wasambazaji: kila ankara isiyomalizika, tarehe yake, kiasi cha awali, na kila malipo yaliyofanyika dhidi yake. Mauzo ya miaka yaliyopita omba pia, hata kama hutayaingiza kwenye mfumo mpya, yahifadhi, kwa sababu ukaguzi wa kodi huangalia nyuma.

Omba kwa CSV, herufi za UTF-8, tarehe ziandikwe mwaka kwanza.

---

Mama Famasi wa Igoma

Wamenitumia. Mafaili matatu. Nimefungua la dawa kwa Excel, safu ya bakodi yote inasoma 6.2E+12 na nyingine kama hizo, na baadhi ya bachi zilizoanza na sifuri zimepoteza sifuri. Wamenidanganya?

---

Fundi wa Nyamagana

Hapana dada, faili lao ni zima. Excel ndiyo imedhani bakodi ni hesabu ikazifupisha. Muhimu: usibonyeze kuhifadhi, ukihifadhi zitapotea kweli. Lifunge bila kuhifadhi, na nakili faili la asili kwenye flashi kabla ya lolote.

Kisha fungua LibreOffice Calc, ni ya bure. Ukifungua CSV itakuletea kwanza dirisha lenye safu zote. Bofya kichwa cha safu ya bakodi, kwenye aina ya safu chagua maandishi. Fanya vivyo hivyo kwa namba ya bachi na namba za simu za wateja, la sivyo sifuri ya mbele ya simu nayo itakwenda. Safu ya tarehe ya kuisha muda chagua mwaka-mwezi-siku. Halafu bonyeza sawa.

Ukishafungua, chagua dawa kumi bila mpangilio, nenda nazo rafuni ukiwa na karatasi, linganisha bachi na tarehe kwenye boksi. Hasa zile zenye siku chini ya 13 kwenye tarehe, maana hapo siku na mwezi huweza kubadilishana nafasi bila mtu kugundua: tarehe 3 Desemba ikawa 12 Machi.

---

Mama Famasi wa Igoma

Sifuri zimerudi zote. Dawa kumi nimelinganisha, tisa sawa. Moja bachi ni nyingine, nimekuta kijana alipokea mzigo wa pili akauandika juu ya bachi ya zamani. Leo nimemuonyesha namna ya kufungua mstari mpya. Kesho tunapita rafu ya antibayotiki yote.